Mama anataka kuuza kiwanja nikasome klarineti Ujerumani, kaka amegoma

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi Mbagala na mama na wadogo zangu wawili. Naomba jina langu lisitoke, maana usharikani na mtaani wananijua wengi, na suala hili limeshaleta maneno ya kutosha nyumbani.

Napiga klarineti. Naeleza kidogo, kwa sababu kila nikiitaja watu wanadhani ni tarumbeta au filimbi. Ni ala ya mbao nyeusi yenye vibonyezo vya chuma, unaipuliza kwa kutetemesha kijimwanzi chembamba kinachofungwa pale pa mdomo, sisi tunakiita ridi. Nilianza darasa la sita kwenye bendi ya usharika, na nilipewa klarineti kwa sababu matarumbeta yalikuwa yameisha. Baadaye akanichukua mzee mmoja wa Temeke aliyestaafu bendi ya serikali. Akanifundisha kusoma nota bila kunidai hata senti. Jumamosi alikuwa ananikalisha kwenye sauti moja tu, ndefu, isiyumbe, yeye anakunywa kahawa yake na kusema, "Tena." Nikiyumba, "Tena." Hata klarineti ninayopiga ni yake. Ina ufa kwenye kipande cha juu, umezibwa kwa gundi, na nikiingia ukumbi wenye AC kali ule ufa unafunguka kidogo, sauti za juu zinavuja.

Ndoto yangu ni kuwa mpiga solo. Nilipoona kwenye simu mtu amesimama na klarineti mbele ya okestra nzima, amefumba macho, wengine wote wanamfuata yeye, nilijua ndicho ninachotaka. Sitaki kukaa mstari wa nyuma maisha yangu yote.

Mwaka jana nilirekodi "Concertino" ya Weber, mtunzi wa Kijerumani wa zamani, kanisani usiku wa manane, maana mchana bodaboda haziishi kupita. Kinanda alinipigia mpiga kinanda wa kwaya. Nikatuma video kwenye chuo kimoja cha muziki Ujerumani. Wamejibu kwamba nimepita hatua ya kwanza, wananiita kwenye usaili wa ana kwa ana mwezi wa sita. Wanataka na konsato ya Mozart, yaani muziki wa mpiga solo mmoja na okestra, na ile inapigwa kwa klarineti ya A, iliyo ndefu kidogo na yenye sauti ya chini kidogo. Mimi ninayo ya kawaida tu, ya B-flat.

Sasa fedha. Ada ya chuo si kubwa, lakini ili upewe viza ya mwanafunzi unatakiwa kuonyesha euro 11,904 za kujikimu mwaka mmoja, zimewekwa kwenye akaunti maalumu. Kwa hela yetu ni zaidi ya milioni 30. Baba alifariki miaka minne iliyopita, akatuachia kiwanja Chamazi. Jirani wa pale anakitaka, anatoa milioni 28, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi huu. Mama amesema, "Nenda mwanangu, kiwanja kitapatikana kingine." Kaka yangu mkubwa amesema kiwanja cha baba hakitaliwa na filimbi. Tangu siku hiyo anapita sebuleni bila kunisalimia.

Wakati huohuo kuna taasisi moja ya serikali yenye bendi inachukua vijana. Kuna mshahara, bima, pensheni. Mwisho ni miaka 25, kwa hiyo nisipoingia sasa sitaingia tena, na mafunzo yanaanza mwezi huohuo wa sita. Naogopa kwamba nikiingia ndoto imekufa. Nitapiga wimbo wa taifa na nyimbo za gwaride mpaka nistaafu. Lakini nikiuza kiwanja nikashindwa, nitarudi kwa uso gani?

Mzee wangu nikimuuliza anasema, "Mimi nitakupa jibu la mzee," halafu anaendelea kufuta vibonyezo kwa kitambaa. Rafiki yangu ananitia moyo kwamba klarineti zinatengenezwa kwa mpingo, mti wa kwetu, Wazungu wanaufuata mpaka Kilwa, kwa nini mimi nishindwe. Sawa, ila mpingo haunilipii viza.

Shangazi, nifanye nini?

Msomaji, Mbagala

*

Marahaba mwanangu,

Hongera kwanza. Umepita hatua ya kwanza kwa klarineti yenye ufa na kinanda cha kwaya, usiku wa manane, na umelitaja kwa sentensi moja kisha ukakimbilia kwenye fedha. Naelewa kwa nini. Lakini kuna watu kule Ulaya wanaosikiliza klarineti kila siku ya Mungu, wamesikia yako wakasema huyu tunataka kumsikia tena. Hilo limeshatokea, kiwanja kiuzwe kisiuzwe.

Nikikuelewa vizuri, unaona milango miwili inayofunguka mwezi mmoja, na ukiingia mmoja mwingine unafungwa moja kwa moja. Nyuma ya milango hiyo amekaa mama anayetaka kutoa kila kitu, kaka anayekataa, na mnunuzi mwenye haraka. Ninavyoona mimi, mambo haya hayana haraka sawa. Aliyekubana zaidi ni mnunuzi, na haraka yake si haraka ya chuo.

Angalia: chuo bado hakijakupokea. Kimekuita usaili. Zile euro 11,904 zinatakiwa kwenye viza ya kwenda kusoma, yaani baada ya kufaulu. Kwa safari ya usaili unahitaji tiketi, viza ya muda mfupi, mahali pa kulala na klarineti ya A. Ni fedha nyingi kwa nyumba yenu, sibishi, lakini si milioni 30. Ukiuza kiwanja mwezi huu, mtakuwa mmelipia jambo ambalo bado halijawa. Ila nikuambie na upande wa pili: muhula kule kwa kawaida unaanza Oktoba, na kutoka majibu ya usaili mpaka Oktoba ni muda mfupi sana wa kutafuta miadi ya ubalozi na kukusanya fedha. Mkisubiri kabisa bila maandalizi, unaweza kufaulu ukakwama Dar. Kwa hiyo kusubiri nako kuna bei yake.

Sasa hicho kiwanja. Umeandika "baba alituachia". Nyinyi akina nani? Mama, kaka, wewe na wadogo wawili, siyo? Je, kuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama? Kama hakuna, mama hata akisema ndiyo kwa moyo wote, na jirani hata akihesabu fedha mezani mbele ya mjumbe, mnaweza kujikuta kwenye kesi kabla hujapanda ndege. Nimeona familia zinaparaganyika kwa viwanja vya Chamazi na Chanika vilivyouzwa kwa karatasi ya daftari. Fuatilieni hili hata kama hamuuzi.

Na kaka. Neno lake ni kali, tena kuiita klarineti filimbi alijua itauma. Lakini umeniandikia ukurasa mzima, ukaniambia hata mzee anafuta vibonyezo kwa kitu gani, na hujaniambia kaka yako anafanya kazi gani, ana mke, anaishi wapi, na baba alipofariki yeye aliacha nini. Labda hakuacha kitu. Labda aliacha chuo. Labda alikuwa anahesabu siku moja atajenga banda pale Chamazi atoke kwenye chumba cha kupanga, na hakuwahi kusema. Mtu anayepita sebuleni bila kusalimia mara nyingi ana jambo ambalo hajaulizwa. Ungemuuliza, si kwa kumwomba akubali, ila kutaka kujua tu, ungesikia nini? Vilevile sina hakika mama anaposema "kitapatikana kingine" anaamini hivyo, au anasema hivyo kwa sababu ni mama.

Tuje kwenye hiyo solo, maana ndipo barua yako ilipo hasa.

Unasema hutaki mstari wa nyuma, na bendi unaiona kaburi. Je, unajua ile "Concertino" uliyorekodi iliandikiwa nani? Weber aliiandika mwaka 1811 kwa ajili ya Heinrich Baermann, na mwaka huohuo akamwandikia na konsato mbili. Baermann alijifunzia muziki kwenye shule ya jeshi, akawa mpiga klarineti wa bendi ya jeshi la Prussia, ufalme wa Kijerumani wa wakati ule. Mwaka 1806 akatekwa na Wafaransa kwenye vita vya Jena, akaponyoka, na mwaka uliofuata akapata kazi kwenye okestra ya kasri la Munich. Huyo ndiye Weber aliyemkuta. Mtu wa gwaride, mwanangu! Konsato ya Mozart ya mwaka 1791 aliandikiwa Anton Stadler, mwajiriwa wa okestra ya kasri la Vienna. Na Brahms, mtunzi mwingine wa Kijerumani aliyekuwa ameshaanza kuaga kazi ya kutunga, alirudi kuandika mwaka 1891 baada ya kumsikia Richard Mühlfeld wa okestra ya Meiningen, ambaye pale aliajiriwa kama mpiga fidla, klarineti akajifundisha mwenyewe. Sehemu kubwa ya muziki unaotamani kuusimamia mbele za watu iliandikwa kwa sababu mtunzi alimsikia mtu aliyekuwa ameketi na wenzake akifanya kazi ya mshahara.

Hata leo haiko mbali na hapo. Anthony McGill, kijana wa Chicago, husimama kupiga solo, lakini tangu 2014 kiti chake ni klarineti ya kwanza ya okestra ya New York. Sabine Meyer ndiye utamkuta kwenye kila orodha ya wapiga solo wa klarineti. Yeye alianzia okestrani. Mwaka 1982 Karajan, kiongozi wa okestra ya Berlin, alipomtaka kule, wanamuziki wa okestra hiyo walipiga kura 73 kwa 4 kumkataa, na baada ya misukosuko akaondoka kwenda kuwa mpiga solo. Na akiwa katika kilele chake bado alikuwa profesa wa muziki mjini Lübeck, Ujerumani. Okestra zikialika mgeni wa kusimama mbele, mara nyingi humwalika mpiga piano au fidla. Konsato za klarineti zinazojaza ukumbi si nyingi: Mozart, Weber, Nielsen ya 1928, ile ambayo mtunzi Copland alimwandikia mpiga klarineti wa jazi Benny Goodman, na nyingine chache. Wanaoishi kwa solo peke yake ni wachache mno duniani. Kwa waliobaki, solo ni ya baadhi ya usiku tu, na mchana wanafundisha, wanapiga na wenzao watatu wanne, au wanakaa okestrani.

Siyasemi haya nikuondolee ndoto. Nauliza, unachokipenda ni nini hasa: kusimama peke yako, au ile sauti mzee aliyokuwa anakudai Jumamosi? Ukijua jibu lako, maamuzi mengine yanapungua uzito. Kama ni kusimama, na bila hiyo ungeiacha klarineti, basi ujue unaingia kwenye jambo ambalo hata wanaofaulu vyuo vizuri wengi hawalipati, na uamue ukiwa unajua. Kama ni sauti, njia ni zaidi ya mbili.

Lakini usije ukasema Shangazi kaniambia niingie bendi kwa sababu ya Baermann. Bendi ya mwaka 1806 si bendi ya leo, na Munich ilikuwa jirani yake. Wewe ukivaa sare, utapata saa ngapi za mazoezi yako mwenyewe? Miaka ya mwanzo unaruhusiwa kwenda kusoma nje, au mkataba unakufunga? Kuna aliyewahi kuruhusiwa akarudi? Hayo anayajua mzee wako. Naona umekuwa ukimuuliza "nifanye nini", naye anakwepa, pengine kwa kuogopa kuwa sababu ya maisha yako. Muulize vitu vidogo: siku yake ilikuwaje, jioni alikuwa anapiga nini, aliwahi kusimama peke yake. Nadhani hayo atayajibu, tena kwa kirefu.

Na Ujerumani nako si mwisho wa shida. Wengi wanaoanza shahada ya kwanza kule wamemaliza sekondari juzi, na wamekuwa na mwalimu na klarineti mbili nzima tangu utotoni. Wewe utaanza na miaka 24. Lugha utaihitaji darasani, uanze mapema, Goethe-Institut ipo hapahapa mjini. Ukimaliza, okestra moja ina viti viwili mpaka vinne hivi vya klarineti, na anayekikalia hukikalia mpaka astaafu. Kikifunguka kimoja, wanakuja watu kutoka duniani kote, wanapiga mwanzo wa ile ile Mozart nyuma ya pazia, wengi wanaambiwa asante kabla hawajafika mbali. Upande wa pili, hata usipopata kiti, utakuwa umefundishwa na watu ambao huku hatuna. Dar hatuna okestra ya kudumu inayolipa mishahara, lakini watoto wanaotaka kujifunza ala wapo, na walimu wa klarineti ni wa kutafuta kwa tochi.

"Nitarudi kwa uso gani?" Hili neno nimelirudia. Uso mbele ya nani? Ukirudi na ujuzi bila jina kubwa, mama hatakufungia mlango. Kaka anaweza, kama kiwanja chake kiliondoka bila yeye kuulizwa. Ndiyo maana namtaja tena.

Kuna mengine mawili ambayo hukuyataja. Afrika Kusini kuna vyuo vikuu vinavyofundisha klarineti mpaka shahada, na kuna okestra zinazolipa, Cape Town na Durban. Si Ujerumani, lakini ni karibu zaidi, na Kiingereza unacho. Jingine ni usharika wako. Sharika nyingi za KKKT zina urafiki wa miaka mingi na sharika za Ujerumani. Mkazi wa kule anaweza kusaini hati rasmi ya kukudhamini, nayo hukubaliwa kwenye viza badala ya fedha za akaunti. Thibitisha na ubalozi. Hatari yake unaijua hata nisipoisema: unakuwa chini ya paa la mtu na chini ya hisani yake. Ipitie kwa mchungaji na kamati, kwa maandishi, usiipitie kwa mtu mliyekutana Facebook. Na usaili wenyewe unaweza kuchangiwa. Watu waliochangia harusi za watu wasiowajua watachangia tiketi ya binti aliyewapigia Pasaka miaka yote hiyo, hasa ukiwapigia hiyo Weber kwanza.

Rafiki yako ana haki kuhusu mpingo. Klarineti nyingi za kitaalamu ni mpingo wa kwetu na wa Msumbiji, na Kilwa kuna vijiji vinauvuna wenyewe kwa utaratibu wa misitu yao. Ila mbao ikishakwenda Ufaransa ikawa klarineti ya A, inarudi na bei inayokaribia ya bajaji mpya. Kwa hiyo kabla hujaitafuta ya kununua, waandikie chuo wiki hii. Waulize kama watakuazima ya A siku ya usaili, na lini utaruhusiwa kuizoea kabla ya kuingia. Waulize majibu yanatoka tarehe gani. Waulize kama ukishindwa kufika mwaka huu, au ukafika ukakosa, unaweza kuomba tena mwaka ujao na umri wako si kikwazo. Jibu la swali hilo la mwisho linaweza kubadilisha kabisa hesabu ya bendi. Na huyo jirani wa Chamazi, mwambieni tu kwamba mirathi bado inashughulikiwa.

Ukishazungumza na kaka, niandikie alichosema. Nitapenda kujua, hata kama ni kibaya.

Shangazi